Jiwe Laini la Kizimkazi

Hapa Emali nalipwa kwa herufi. Familia ikija kuagiza jiwe la kaburi hukaa kwenye benchi langu chini ya mwarobaini, upande wa barabara ya Loitokitok, na kuanza kupunguza maneno. Marehemu anaingia akiwa mume mpendwa, baba mwema, babu wa wengi na mzee wa kanisa. Anatoka akiwa BABA YETU, na chini yake KOMA NESA, kwa kuwa herufi hizo nane za Kikamba zinambebea mtu heshima yake yote kwa fedha ambazo harambee ya mazishi imebakiza. Siwalaumu. Marumaru ya Kajiado imepanda bei, na mwenye lori la kuileta naye ana masharti yake.

Kazi hii imenizoesha kuyatazama maandishi upande ambao wengi hawautazami. Nikikuta jiwe la kale lenye maneno, sianzi kwa kuuliza linasema nini. Nauliza nani alilipa, jiwe lilichimbwa wapi, na herufi zimezamishwa au zimeinuliwa. Ndiyo maswali niliyoingia nayo katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, na majibu niliyotoka nayo hayakulingana sana na yale ya vitabu vya watalii.

Nilikuwa kisiwani kwa kazi ya terazo katika nyumba ya wageni iliyokuwa ikijengwa pwani ya kusini, na siku isiyokuwa na zege nikajiendea Kizimkazi Dimbani. Kwa nje unaweza kuupita msikiti huo bila kugeuka: kuta nene zilizopakwa nyeupe, paa la mabati, uwanja wenye makaburi. Mwangalizi alinifungulia baada ya sala ya adhuhuri. Nikavua viatu, nikaingia, nikaonyeshwa kibla.

Mihrabu ni ndogo, na kando yake yamezunguka maandishi yaliyochongwa kwenye matumbawe. Ni aya za Kurani, na pamoja nazo habari ya ujenzi: kwamba Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad aliamuru msikiti ujengwe, siku ya Jumapili, mwanzo wa Dhulqaada, mwaka 500 Hijria. Kwa kalenda tunayotumia maofisini hiyo ni 1107. Mreno wa kwanza kufika Mombasa kwa merikebu alikuwa bado karibu miaka 400 mbele. Katika pwani yote ya Waswahili, maandishi yenye tarehe ya kale kiasi hicho, na ambayo bado yako ndani ya jengo linalotumika, ni nadra mno.

Swali la kwanza basi lilijibiwa papo hapo. Aliyelipa ametajwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Aliyechonga hayumo. Desturi hiyo haijabadilika. Mimi pia sitii jina langu kwenye jiwe la mtu. Mwenzangu mmoja wa Wote huchonga namba yake ya simu nyuma ya jiwe, chini kabisa, na mpaka leo sijaamua kama nimkaripie au nimwige.

Mwandiko wenyewe ni wa Kufi, ule wa herufi zilizosimama wima na kukatwa pembe, usio na nukta. Ila Kufi ya Kizimkazi imechipua. Ncha za alifu na lamu zinapasuka kuwa vijani, mashina yanajikunja, na nafasi iliyobaki kati ya herufi na herufi inajazwa maua. Na herufi zimeinuliwa. Hapo ndipo niliposimama mpaka mwangalizi akaanza kukohoa.

Kuzamisha herufi ni kazi ya kila siku. Unachora, unashika tindo, unafuata mstari, unaichimba herufi yenyewe. Ukiwa na grainda, jina la herufi kumi na mbili linakwisha kabla ya chai ya saa nne. Kuinua ni kinyume chake: herufi haiguswi, kinachoondolewa ni kila kisichokuwa herufi. Uwanja wote unashushwa kwa kina kimoja, na kila kijani chembamba kinabaki kimeshikwa na shingo yake tu. Pigo moja likienda mrama jani linaruka, wala hakuna gundi ya kulirudisha. Kwenye marumaru huwa naikataa kazi hiyo mteja asipokuwa na subira. Sasa mtu aliyefanya hivyo kwa aya nzima, kwa tindo na nyundo peke yake, alikuwa ameshafanya mara nyingi. Hakuna anayejifunzia kwenye mihrabu ya sheikh.

Jibu la swali la pili liko baharini. Nyumba za kale za pwani zimejengwa kwa mawe ya aina mbili, na yote mawili asili yake ni matumbawe. Lipo lile gumu lenye matundu makubwa, linalochimbwa nchi kavu, nalo huingia ukutani pamoja na chokaa. Na lipo tumbawe laini, la jamii ambayo wanasayansi huiita Porites, linalokatwa likiwa bado hai chini ya maji. Likitoka baharini hukatika kwa msumeno na huchongeka bila kugomba. Likikaa hewani na kukauka, hugeuka gumu. Ndilo lililotoa fremu za milango, mihrabu na mapambo ya Kilwa, Songo Mnara na Gedi. Kwa mchongaji maana yake ni moja: kazi lazima ifanyike jiwe likiwa bichi, na kwa hiyo karibu na lilikotoka.

Nasisitiza hilo kwa sababu ilizoeleka kusemwa kwamba maandishi ya Kizimkazi ni kazi ya Waajemi. Mwandiko wake unafanana na ule wa mawe ya makaburi ya Siraf, bandari ya kale ya Ghuba ya Uajemi, na hadithi za Washirazi waliokuja kwa majahazi zikasaidia kuikoleza hoja. Samuel Flury alichapisha uchambuzi wa maandishi haya mwaka 1922, na tangu wakati huo wasomi wameendelea kuvutana kuhusu mkono ulioyachonga. Ufanano upo, sina haja ya kuubisha. Lakini mtindo husafiri kwa karatasi, kwa kitambaa, na kichwani mwa mtu. Tumbawe bichi halisubiri safari. Tena vipande vingine vya Kufi vimechimbuliwa Tumbatu, kaskazini mwa Unguja, kwa hiyo haikuwa kazi ya mgeni mmoja aliyepita akaenda zake.

Sisi Wakamba tunalijua jambo hili vizuri kuliko tunavyokiri. Vinyago vya mbao vinavyouzwa kwa jina letu kila uwanja wa ndege vilianzia, kama inavyosimuliwa, kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akawaona wachongaji wa huko, akarudi na maarifa. Baadaye watu wetu wakateremka Mombasa, na mwaka 1963 ukaanzishwa ushirika wa Changamwe. Ni kwa ndugu ya baba yangu, katika ushirika huo, nilikoshika patasi mara ya kwanza, kabla sijahamia kwenye mawe. Hakuna anayesema twiga wa Changamwe ni kazi ya Watanganyika kwa kuwa mfano ulitoka kwao. Kwa nini basi wa Kizimkazi anyimwe jiwe lake?

Miaka michache baada ya kutoka Unguja nililetewa kazi iliyonifungua macho zaidi. Wazee wa msikiti mmoja wa barabara kuu walitaka jiwe la msingi: jina la msikiti kwa herufi za Kirumi, na juu yake mstari mmoja wa Kiarabu.

"Ustadhi," nikamwambia aliyewaongoza, "mimi ni mtu wa kanisa la AIC. Kiarabu sikijui hata cha salamu."

"Najua, fundi. Wewe fuata wino."

Akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri. Mstari ulikuwa umeandikwa na kijana wa madrasa mwenye mkono wa kupendeza, kwa kalamu ya mwanzi, unene na wembamba ukipishana kama inavyotakiwa. Nikachukua karatasi ya kaboni, nikauhamishia juu ya jiwe, kisha nikaupitia kwa chaki ya mafundi vyuma ili usifutike kwa vumbi. Kila siku baada ya Alasiri ustadhi alipita. Alisoma kwa kidole bila kuligusa jiwe, na kila alipofika kwenye nukta alisimama.

"Hizi ni mbili, fundi, na ziko juu. Zikishuka chini, neno linakuwa jingine."

Jiwe lilipokwisha lilisomwa kwa sauti mbele ya watu, watoto wakaitikia, na pale penye umati mimi niliyelichonga ndiye niliyekuwa siwezi kulisoma. Lilisomeka sawasawa. Ndipo nilipomfikiria tena yule wa Kizimkazi, na nikaona kwamba labda hatukupaswa kumtafuta mtu mmoja. Nadhani walikuwa wawili: mwenye kalamu na mwenye tindo. Mwenye kalamu huenda alitoka ng'ambo, au alisoma kwa mtu wa ng'ambo. Mwenye tindo alikuwa mtu wa ufukweni, anayelijua tumbawe tangu utoto wake, anayejua lipewe muda gani kukauka na linapenda kupasukia upande gani. Hiyo ni rai ya mtu wa kazi. Msomi ana ruhusa ya kuipinga, mradi kwanza ajaribu kuinua alifu moja yenye majani.

Na kwa kuwa tumeitaja Unguja, niseme kwamba haiko mbali na sisi kama inavyodhaniwa. Ukitoka Emali kuelekea Nairobi, mji unaofuata ni Sultan Hamud, uliopewa jina la Hamud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, aliyekuja kuitazama reli ilipokuwa ikisukumwa bara. Watu wanaosubiri matatu pale kila asubuhi wanalitaja jina la mfalme wa Unguja bila hata kukumbuka kwamba ni mfalme.

Turudi pwani. Kizimkazi haikuwa peke yake. Mogadishu, mnara wa msikiti wa Ijumaa wa Hamar Weyne una maandishi ya mwaka 636 Hijria, yaani 1238. Kilwa, katika jumba la Husuni Kubwa ambalo Neville Chittick alilichimba miaka ya 1960, yalipatikana mawe yaliyochongwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Gedi lipo kaburi la mwaka 802 Hijria, 1399, ambalo tarehe yake haikuchongwa kwenye jiwe kabisa. Ilikwaruzwa kwenye lipu. Fundi wake alikuwa na haraka au mwenye kaburi hakuwa na fedha, lakini lipu hiyo imewafaa sana wanaakiolojia tangu James Kirkman aanze kuchimba mji huo mwaka 1948.

Kinachonigusa zaidi, kwa kuwa mimi ni mfanyabiashara wa makaburi, ni marumaru ya Khambhat. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 13 hadi katikati ya karne ya 15, karakana za Khambhat, huko Gujarati, zilichonga marumaru kwa ajili ya Waislamu wa bahari nzima ya Hindi: mawe ya makaburi, mihrabu, vibao vya Kurani vilivyojaa maua na taa zinazoning'inia. Kazi zao zimepatikana Dhofar, zimepatikana Sumatra na Java, na vipande vyao vimepatikana Kilwa. Hebu fikiria oda ya namna hiyo. Mtu amefariki Kilwa. Ndugu wanamtafuta nahodha, wanampa jina, tarehe ya kufa, fedha, na pengine karatasi yenye aya wanayoipenda. Jahazi linaondoka na kusi. Huko Gujarati fundi ambaye hakumjua marehemu, na ambaye huenda si Mwislamu, anajaza jina kwenye nafasi aliyoiacha. Jiwe linarudi na kaskazi. Wateja wangu mimi wananipigia simu siku ya tatu kuuliza limefika wapi.

Lipo jambo la sheria, nalo sitalikwepa, maana nimeulizwa hapa benchini. Hadithi inajulikana kwamba Mtume alikataza makaburi yasipakwe chokaa wala yasijengewe, na katika baadhi ya mapokezi, yasiandikwe. Waislamu wengi wa Emali huniagizia jina na tarehe tu, au hawaniagizii kitu. Pwani ya kale ilifuata desturi yake. Makaburi yalijengewa minara, yakapakwa lipu, yakapachikwa bakuli za kauri kutoka China. Kaburi la mnara la Mambrui, kaskazini mwa Malindi, lilikuwa na bakuli za enzi ya Ming. Wafinyanzi wa China walizoea kuandika alama ya enzi ya mfalme wao chini ya kitako, na kitako ndicho kinachozamishwa kwenye chokaa. Huenda basi kwenye makaburi yetu yapo maneno ya Kichina ambayo hayajaonwa na jicho tangu siku bakuli ilipopachikwa.

Kichina kilinifikia mimi kwa njia ya reli ya pili. Stesheni ya SGR ya Emali ilipokuwa ikijengwa, kabla ya treni ya abiria kuzinduliwa mwaka 2017, msimamizi mmoja wa Kichina alizoea kuja benchini kwangu jioni. Hakuja kuagiza kitu, alikuja kutazama mkono unavyokwenda. Kiswahili chake kilikuwa cha zege na kokoto. Kwa mengine alitumia simu. Jioni moja alinionyesha picha ya mwamba mpana ulioinama, wenye maandishi makubwa mno, na watu wamesimama kando wakiwa wadogo. Ni Mlima Tai, mkoani Shandong. Sutra ya Almasi, moja ya maandiko makuu ya Kibudha, ilichongwa pale karne ya 6, kila herufi karibu nusu mita, na zaidi ya herufi elfu moja zingali zinasomeka.

Kisha akanifundisha wanavyozinakili. Unachukua karatasi laini, unailowesha, unaigandamiza kwa brashi mpaka iingie kila shimo. Ikikaribia kukauka unaipigapiga wino kwa kifurushi cha kitambaa. Kilichozama kinabaki cheupe, kilichobaki juu kinakuwa cheusi. Tulijaribu kwa karatasi ya shashi na wino wa mihuri juu ya jiwe la mama mmoja wa Matiliku lililokuwa likingoja lori. Jina lake likatoka jeupe, na hata alama za tindo ambazo mimi mwenyewe nilikuwa sizioni zikaonekana. Kwa njia hiyo Wachina wamehifadhi miandiko ya mabingwa wa kale ambao mawe yao yameshalika. Karatasi imerithi kutoka kwa jiwe.

Tukio kubwa kuliko yote liko Fangshan, karibu na Beijing, katika hekalu la Yunju. Wafalme wa kaskazini mwa China walikuwa wameupiga marufuku Ubudha mwaka 446, na tena 574. Mahekalu yalivunjwa, maandiko yakaangamizwa. Mwanzoni mwa karne ya 7 mtawa aitwaye Jingwan akaanza kuyachonga maandiko kwenye mabamba ya mawe na kuyafungia mapangoni, ili dini ikizimwa tena pawe na mahali pa kuanzia. Alikufa kazi ikiwa mbichi. Waliomfuata waliiendeleza, enzi hadi enzi, kwa takriban miaka elfu moja, na mabamba yaliyopo yamezidi 14,000. Yalichimbuliwa kati ya 1956 na 1958, na mwaka 1999 maelfu yake yakarudishwa chini ya ardhi, katika chumba kilichofungwa hewa, kwa kuwa moshi na mvua ya Beijing ya leo vilikuwa vinayala.

Yapo hata mawe ya Kichina yanayotutaja sisi. Huko Changle, mkoani Fujian, Admirali Zheng He alisimamisha jiwe mwaka 1431, kabla ya safari yake ya mwisho, kumshukuru mungu wa kike wa mabaharia. Limetaja Mogadishu na Barawa, pamoja na wanyama waliopelekwa kwa mfalme: simba, punda milia, ngamia, mbuni. Jiwe jingine alilipeleka Galle, Sri Lanka, lenye tarehe ya 1409 na lugha tatu. Kichina kinamtolea Buddha sadaka, Kitamil mungu wa Wahindu, Kiajemi Mwenyezi Mungu wa Waislamu. Mwanadiplomasia asiyetaka ugomvi na mtu. Jiwe hilo likapotea kabisa. Mwaka 1911 mhandisi mmoja akalikuta mjini Galle limelazwa kufunika mfereji, na sasa liko katika makumbusho ya Colombo. Lingeachwa limesimama juani karne tano, sidhani kama lingebaki na maneno mengi.

Ninapoyaweka haya pamoja naona jambo ambalo fundi hapendi kulikubali. Ugumu wa jiwe si kitu sana. Wachina wa Fangshan walichagua jiwe la kuvumilia, wakalificha. Waswahili walichonga jiwe laini kuliko yote, wakaliweka mbele ya nyuso za watu mara tano kwa siku, mahali penye upepo wa chumvi. Kwa hesabu ya karakana, la Kizimkazi lilipaswa liwe limeshakwisha. Liliokolewa na watu wa karne ya 18. Msikiti alioujenga Sheikh Abu Imran haukusimama mpaka leo. Uliopo ulijengwa upya, na maandishi mengine pale pale kwenye kibla yanautaja mwaka 1184 Hijria, karibu 1770. Mafundi wa mwaka huo walikuwa na kuta za kubomoa na nyingine za kuinua. Kufi ilikuwa imeshaacha kuandikwa siku nyingi. Maandishi yao wenyewe ni ya mwandiko wa kawaida. Nashuku kama kijijini alikuwepo mtu wa kuzisoma zile herufi za majani bila kuhangaika. Wangeweza kuyatia mawe kwenye msingi, yakatosha. Badala yake waliyapanga upya kando ya mihrabu, bila shaka kwa kujua kwamba ni Kurani na kwamba ni ya zamani.

Wanaoyahatarisha mawe kama hayo leo nao wana nia njema, na wanakuja na mfuko wa simenti. Nimeyaona matokeo kwenye kuta za kale za pwani nilikofanya kazi. Ukuta wa matumbawe una chumvi ndani yake, na unapumua. Unyevu unaingia na kutoka kupitia chokaa. Ukiuvisha simenti unafunga mlango. Unyevu unatafuta pa kutokea, unatokea kwenye jiwe lenyewe, chumvi inavimba, na uso wa tumbawe unamomonyoka kama ugali wa jana. Ukiwa na bahati linamomonyoka jiwe tupu. Usipokuwa nayo, inamomonyoka aya. Rangi ya mafuta hufanya vivyo hivyo, polepole zaidi, na kabla ya hapo hujaza mabonde ya herufi mpaka zionekane kama uvimbe.

Chokaa ya zamani ilichomwa kwa matumbawe yale yale, ikazimwa kwa maji, ikalazwa shimoni kwa miezi. Ni laini kuliko jiwe, kwa hiyo kinapotokea cha kuvunjika inavunjika yenyewe na jiwe linapona. Inachelewa kukauka na haifurahishi mkandarasi anayelipwa kwa siku. Lakini inawezekana: Kilwa ilitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na ikatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati.

Kwa hiyo nina ombi kwa kamati za misikiti ya kale, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, hasa ile iliyopata mfadhili na tayari ina simenti stoo. Kabla ya fundi kupanda ngazi, pigeni picha ya kila herufi, hata iliyofunikwa na rangi. Simu za vijana wenu zinatosha. Mwiteni mtu wa makumbusho aitazame kibla. Mtafuteni fundi wa chokaa, maana Lamu na Mji Mkongwe bado wapo. Na mkandarasi akiwaambia chokaa inachelewesha kazi, mjibuni kwamba ni kweli, kisha mwongezeeni muda.